Niliandika "Tanzia" Ili Wafungue Imeili ya Mashuka

Nimekosa. Naanza hivyo kabisa, mtu asije akasoma hadi katikati akaanza kunionea huruma. Jina langu silitaji, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha, lakini mambo yenyewe yamenikuta mie, hapahapa Dar, na kosa ni langu.

Kuna mwanaume kanisaliti, na nitamsema, tena nitamsema vizuri tu! Ila kabla hajanisaliti, mie nilishamsaliti mtu mwingine, mtu aliyekuwa ananiamini kama ndugu yake wa tumbo moja. Huyo ndiye anayeniliza kila siku.

Anaitwa Zuhura. Tulikutana chuo cha uhazili, mie nimetoka Newala na begi langu moja, yeye mtoto wa Mwananyamala. Mama yake alikuwa na chumba cha kupangisha uani, nikakichukua. Nilikuwa mpangaji mwezi mmoja tu. Baada ya hapo nikawa mtoto wa nyumba, natumwa dukani, nagombezwa, nalishwa.

Mama Zuhura alikuwaga ananibakishia ukoko wa wali. Alijua naupenda. Zuhura akinuna, mama yake anamwambia, "Wewe na mashendea yako, ukoko utautoa wapi?" Maana Zuhura, Mungu anisamehe, kupika wali hajui. Kila akipika unatoka uji.

Siku moja tumekaa uani tunachambua mchele, Mama akaniambia, "Sikiliza wewe Mmakonde. Siku yangu ikifika, ukae wewe kwenye sufuria. Huyu mwanangu atawalisha watu uji msibani, wanisengenye hadi kaburini."

Tukacheka sana. Nikamwambia, "Nitapika mie, Mama. Punje na punje."

Nilimuahidi kwa mdomo wangu huuhuu. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndilo linalonimaliza.

Tulipomaliza chuo tukaunda kikundi cha kufa na kuzikana, sie tuliosoma pamoja. Tukakiita Tushikane. Zuhura akawa katibu. Wengi wetu tukapata kazi za maofisini, makarani, wahazili, wengine walimu. Mwanzoni tulikuwa na grupu la WhatsApp, lakini mnayajua magrupu. Mtu anafiwa, taarifa inafunikwa na video za vichekesho, na "asubuhi njema wapendwa", na maua. Kuna dada alizikwa watu wakaja kujua kesho yake.

Zuhura akasema basi. Taarifa za msiba zitakuja kwa imeili ya kikundi, jina la mtumaji Katibu Tushikane, na kichwa chake kitakuwa neno moja tu: TANZIA. Hakuna kingine kitakachotumwa humo. Sie watu wa ofisini kompyuta zinakuwa wazi mbele yetu tangu asubuhi, kwa hiyo ikiingia unaiona, unainuka, unaomba ruhusa. Ilifanya kazi jamani! Mimi mwenyewe baba yangu alipofariki Newala, ile imeili ilitoka saa tatu, na kesho yake wenzangu kumi na mmoja walikuwa kwetu, miguu imevimba kwa safari. Mama Zuhura naye alikuja. Mtu mzima yule, na presha yake, akakaa mkekani na mama yangu siku tatu.

Kwa kuwa mie ndiye niliyekuwa mjuzi wa kompyuta, Zuhura alinipa nywila ya imeili ya kikundi. "Chukua shoga, nikiugua utatuma wewe." Majina yote, anwani zote, nilikuwa nazo mkononi.

Sasa tuje kwa huyo mwanaume.

Nilihamia Mbagala, nikapata kazi Msasani kwenye kampuni ndogo inayouza mashuka, mapazia na vyombo vya ndani kwa oda ya mtandaoni. Bosi tumwite Deo. Kijana mchangamfu, wa kanisani, kila mfanyakazi wa kike anamwita sista. Kazi yangu ilikuwa kuandika imeili za matangazo kwa wateja. Kuandika naweza. Tatizo, watu hawafungui!

Wataalamu wa kazi hii wataniunga mkono. Unakaa siku nzima unasuka maneno, unapanga picha za shuka zimetandikwa vizuri, unatuma, halafu mfumo unakuonyesha: haijafunguliwa, haijafunguliwa, haijafunguliwa. Katika kumi anafungua mmoja, na huyo naye kabonyeza kwa bahati mbaya.

Nilijaribu kila kitu. Nikaweka jina la mteja mwanzoni. Nikafupisha kichwa kisikatike kwenye simu. Nikatuma saa nne, watu wakiwa kwenye chai. Nikauliza maswali: "Hivi bado unalalia shuka lile?" Ikapanda kidogo, ikarudi palepale.

Deo akaniita. "Sista, nakupenda kama ndugu yangu, lakini siwezi kuwa na mwandishi ambaye hasomwi. Nipe kitu mtu akikiona hawezi kupita. Nakupa mwezi huu."

Niliondoka pale nimelowa jasho. Nikakaa kwenye kompyuta yangu najiuliza, hivi mie mwenyewe huwa nafungua imeili gani bila kufikiri? Jibu likaja hapohapo. Moja tu.

Nikaandika TANZIA.

Ndani nikaandika: "Tunasikitika kutangaza kifo cha bei ya zamani ya mashuka. Marehemu ameacha punguzo. Mazishi ni Ijumaa, njoo uage." Nikacheka peke yangu nikiandika. Nilicheka, jamani! Nikaona nimekuwa mbunifu.

Ikatumwa kwa wateja wetu. Mama yangu weee! Walifungua kama vile simu zinawaka moto. Wengine wakatukana, wengine wakacheka, wengine wakaagiza. Deo alitoka ofisini kwake anapiga makofi, akanisimamisha mbele ya wenzangu wote. "Huyu ndiye mwandishi!" Na mie sifa nilizipenda, sitaki kudanganya. Nilikuwa na njaa nazo.

Wiki ile ile akanifuata mezani, sauti ya chini. "Sista, huna listi nyingine? Watu wa maofisini, wenye mishahara, wanaofungua imeili zao?"

Ningesema sina, yangeishia pale.

"Ninayo," nikasema. "Lakini ni ya kikundi chetu. Ni ya misiba."

"Mara moja tu. Naapa mbele ya Mungu, tukimaliza naifuta. Mie na wewe si ndugu?"

Nikampa! Nilifungua imeili ya kikundi kwa nywila aliyonipa Zuhura, nikanakili majina yote, nikampa.

Mara moja ikawa mara mbili. Mbili ikawa kila wiki. Halafu siku moja napokea nakala ya majaribio, maana ofisini kwetu kila tangazo linatumwa kwanza kwangu nilikague, naangalia jina la mtumaji, nakuta si la kampuni. Limeandikwa Katibu Tushikane.

Nilimvaa Deo mbiombio. "Braza, hii nini? Hili jina si letu!"

Hata hakuinua macho. "Likiwa hilo wanafungua zaidi. Acha woga, sista. Kwani neno lenyewe nani aliliandika? Mie?"

Hapo ndipo aliponishika. Nilirudi kukaa. Nilijua kuwa nikimkorofisha kazi sina, na nikisema nje, wa kwanza kuulizwa ni mie. Nikakaa kimya, na kila nakala ya majaribio ikija naikagua na kuipitisha.

Zuhura akanipigia. Sauti yake hata haikuwa na hasira, ndiyo inayouma. "Shoga, kuna wezi wameiba listi yetu. Wanatutumia tanzia za mashuka! Watu wananilalamikia mie, wanadhani natuma mie. Wewe si unajua hivi vitu, hebu niangalizie."

Nikamwambia, "Wamedukua hao. Niachie mie, nalishughulikia."

"Au niwaandikie wote kuwatahadharisha?"

"Usiwatie watu hofu, shoga. Litaisha."

"Haya, nakuamini. Ukipata nafasi uje, Mama hali si nzuri, anakuulizia sana."

Nikasema nitakuja Jumapili. Jumapili sikwenda. Ningemtazamaje usoni? Nikasema Jumapili ijayo.

Sasa nisikilizeni hapa.

Deo alikuwa na kapu. Asubuhi unaingia, unaweka simu kwenye kapu, unaichukua saa kumi na moja jioni. Alisema simu zinatupotezea muda. Kwa hiyo kutwa nzima kilichotufikia ni kile kinachoingia kwenye kompyuta tu.

Ilikuwa Jumatano. Asubuhi Deo katutangazia kuwa leo kuna promosheni ya mapazia, nakala za majaribio zitakuja. Saa nne na kitu kompyuta ikalia. Natazama: Katibu Tushikane. TANZIA.

Nikasonya. Nikamwambia dada tuliyekaa naye, "Deo na tanzia zake, hachoki huyu." Nikafuta. Sikuifungua! Nikampungia Deo kwenye kioo cha ofisi yake kuwa nimeiona, iko poa. Alikuwa anaongea na simu, yake haikuwekwa kapuni, akaninyooshea dole gumba bila hata kugeuka.

Saa nane ikaja nyingine, ya mapazia kweli. Wala sikushtuka. Nikajua wamebadilisha kidogo.

Saa kumi na moja nachukua simu. Missed call za Zuhura, tisa. Za wenzangu wengine. Za jirani yao wa Mwananyamala. Na meseji moja ya Zuhura, ya saa tano asubuhi: "Shoga Mama katutoka alfajiri. Nimeshatuma imeili. Tunazika baada ya alasiri. Njoo, sijiwezi."

Yesu wangu! Nilikaa chini palepale kwenye vigae. Yule dada akaniuliza kuna nini, nikamnyooshea simu. Nilirudi kwenye kompyuta, nikaitoa kwenye zilizofutwa, nikaifungua. Mistari mitatu tu. Jina kamili la Mama, saa ya maziko, na mwisho Zuhura kaandika, "Jamani hii ni ya kweli."

Alijua! Alijua watu watadhani ni mashuka, akaandika hivyo ndani. Lakini neno lililo ndani ya imeili ambayo mtu hajaifungua linamsaidia nini?

Nilichukua bodaboda hadi Mwananyamala, nalia njia nzima, dereva ananiuliza, "Sista, tumwahi nani?" Hakuna wa kumuwahi tena. Nilifika turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, wanaume washarudi makaburini wanaongea chini chini. Mama kazikwa.

Nikaangaza macho kuwatafuta watu wa Tushikane. Sie tuliokuwa tunajaza uani hadi watu wanakaa barabarani! Nilihesabu wanne. Majirani ndio waliobeba jeneza, majirani ndio waliochota maji ya kuoshea. Kaka mmoja wa kikundi, kafika nyuma yangu na tai yake ya kazini, anahema, ananinong'oneza, "Sista, mie nilidhani ni mashuka. Nimeifuta asubuhi. Nimeambiwa na mtu tu sasa hivi kwenye simu."

Nikavua viatu mlangoni.

Nikaingia ndani kwa wanawake. Wanakula. Nikaona sahani ya bibi mmoja karibu na mlango. Wali umeshikana, umelowa, hauna hata punje moja iliyosimama peke yake. Mashendea.

Zuhura alikuwa kaegemea ukuta, kajifunga kanga ya mama yake. Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika mikono, nikasema, "Shoga nisamehe, sikuiona."

Akasema taratibu tu, kama mtu anayempa mgeni taarifa, "Umekuja. Wali tumeshapika."

Mie kule kulia kwangu kukakatika. Nikatamani anipige.

Nikamwambia ukweli siku ile ile? Hapana. Nilikosa ujasiri hata hapo, nikaosha masufuria, nikaondoka. Alikuja kujua baada ya siku nne, si kwangu. Mwenyekiti wetu, aliyekuwa mwalimu wetu chuoni, mzee wa watu mstaarabu, alilifuata lile tangazo la mapazia, akapata anwani ya kampuni, akaja na wenzake wawili hadi Msasani. Nikawaona mlangoni. Nikasimama. "Shikamoo." Akaitikia "marahaba" huku anashangaa, "Kumbe wewe unafanya kazi hapa?"

Deo akatoka. Nilimtazama kwa macho ya kumuomba, nikijua tutasimama wote wawili, maana si tuliapiana undugu?

"Wazee wangu, poleni sana," akasema, kashika kifua kabisa. "Hii listi aliileta huyu dada. Alituambia ni wateja wake binafsi. Hata lile neno aliliandika yeye, ushahidi upo kwenye mfumo. Sie kama kampuni tumedanganywa."

Kanikana mchana kweupe, mbele yangu, bila kupepesa! Nikasema, "Deo, jina la katibu nani aliliweka?" Akamgeukia mwenyekiti, "Mnaona? Anaanza kutafuta wa kuangukia naye." Jioni ile nikapewa barua ya kuachishwa kazi.

Yule mzee hakunigombeza. Alifika getini akageuka, akasema, "Mwanangu, sisi tulikuja hadi Newala." Akaondoka na wenzake.

Mnadhani Deo aliishia hapo? Wiki mbili baadaye, nipo nyumbani Mbagala sina kazi, imeili inaingia. Kichwa: "Pole sana kwa msiba." Jina la mtumaji: Katibu Tushikane. Nikaifungua mbio, nikajua Zuhura kaniandikia. Ndani: mashuka meupe, kwa wanaopokea wageni wa arobaini, na punguzo. Alisikia msiba kwa wale wazee, akaugeuza biashara, na kwenye listi akasahau kunitoa mie! Nilipiga kelele hadi mwenye nyumba akaja kugonga.

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba ile mbinu ni yangu. Mwalimu wake nilikuwa mie.

Nilikwenda Mwananyamala mara tatu. Mara zote naambiwa Zuhura katoka, na kandambili zake naziona pale mlangoni. Sikumlaumu. Ningekuwa mie ningefunga na komeo.

Nikaamua kuandika. Nikakaa, nikawaandikia wana-Tushikane wote, mmoja mmoja, kwa jina langu halisi. Kichwa nikaweka, "Niliyeuza listi yetu ni mimi." Ndani nikaeleza yote, bila kumsingizia mtu, hadi ile siku niliyomwambia Zuhura wamedukua. Nikatumia kale kamfumo kanakoonyesha nani kafungua na nani bado, maana mazoea ni mabaya.

Wengi wamefungua. Kuna walionijibu, kuna walionitukana, nimepokea yote. Yule kaka wa tai kaandika neno moja tu, "Sawa." Kikundi kimevunjika kabisa. Sasa hivi mtu akifiwa anapiga simu moja moja, na wengine wanakosa.

Jina la Zuhura lipo vilevile. Haijafunguliwa. Wiki ya saba leo, na arobaini imepita, wamesoma hitima, sikuitwa. Kila asubuhi nawasha kompyuta naangalia mstari mmoja tu. Haijafunguliwa.

Na mie najua mbinu zote za kumfanya mtu afungue! Najua saa, najua urefu wa kichwa, najua neno moja ambalo nikiliweka pale juu, Zuhura ataacha hata mtoto mkononi afungue. Silitumii. Afungue akitaka yeye, na asipotaka, basi nimestahili.

Nyie mnaofanya kazi niliyokuwa naifanya, nawaomba. Shuka liuze kwa jina la shuka. Wakifungua watatu, ni watatu wako wa haki. Na wewe uliyekabidhiwa listi ya kikundi chenu, iwe ya msiba, ya kwaya, ya wazazi wa shule, usimpe mtu! Hata akikuita sista. Hata akiapa.

Na wengine wote, nawaomba jambo dogo tu, kwa ajili ya Mama yule aliyekuwa ananibakishia ukoko. Leo ukiona neno tanzia kwenye simu yako, usisonye kama nilivyosonya mie. Ifungue.